Mama aliyeandikwa "hana ushirikiano": uchambuzi wa kisa cha familia yenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Kabla ya yote

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wenzangu wa ustawi wa jamii, watu wa mazoezi tiba, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mzazi yeyote atakayesoma akajikuta yumo humu ndani. Majina yote sio yao. Mkoa siutaji, nitasema tu ni mji wa wilaya ukanda wa pwani ya Tanzania, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza makusudi ili hata jirani yao wa ukuta kwa ukuta akisoma asijue ni nani. Mama mwenyewe tumemsomea, akacheka sehemu mbili, akasema andikeni.

Familia yenyewe

Mama Asha ana miaka 29. Asha ndo binti yake wa kwanza, yuko darasa la tatu. Wa pili ni Musa, alikuwa na miaka mitano na nusu tulipoanza kuwafuatilia. Baba Asha ni fundi ujenzi, anafuata kazi zinapopatikana, akienda saiti ya mbali anakaa huko hata wiki tatu. Wanaishi kwa bibi, yaani mama yake baba, vyumba viwili na uani, choo cha nje.

Uchungu wa Musa ulimkuta mama zahanati ya kijijini. Akakaa nao usiku kucha na mchana wake, rufaa ikaandikwa jioni, gari likapatikana usiku wa manane. Musa hakulia alipotoka. Siku ya pili akaanza degedege, wakalazwa karibu wiki mbili, alafu wakaruhusiwa na karatasi yenye maneno ya Kiingereza ambayo hakuna aliyekaa nao chini kuwaelezea. Miezi minane ikafika shingo bado haikazi. Jina la mtindio wa ubongo walikuja kulisikia mlangoni kwa daktari, daktari kasimama, foleni nyuma yao, wakapewa kadi ya kliniki ya mazoezi basi.

Kwa asiyejua, mtindio wa ubongo ni matokeo ya ubongo kuumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila mwili unaendelea kubadilika kadri mtoto anavyokua, misuli inakaza, viungo vinajikunja, nyonga zinaweza kuchomoka. Huku kwetu vinavyoonekana sana ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya kichanga isiyotibiwa mapema, na maambukizi ya ubongo. Kwa hiyo mtu akikuambia ni laana ya ukoo, muulize kwanza mama alikaa na uchungu saa ngapi.

Wataalamu wanagawa uwezo wa kutembea na kukaa kwenye ngazi 5. Musa yuko ya 5, maana yake hakai mwenyewe, shingo anaishikilia kidogo tu, anabebwa kila anapokwenda. Lakini anacheka, anaijua sauti ya babake akiwa bado hajafika mlangoni, na chakula asichokipenda anakitema kwa makusudi kabisa huku anakuangalia.

Walikuja kwetu kwa sababu gani

Hawakuja kwa sababu ya stresi. Hakuna mzazi anayekuja akasema nina msongo wa mawazo naomba msaada, sijawahi kumuona. Faili lilitumwa kwetu na kliniki likiwa na sentensi moja: mama hana ushirikiano, hafanyi mazoezi nyumbani, anakosa miadi, aelimishwe.

Aelimishwe! Mama ambaye miaka mitano kambeba mtoto mgongoni kwenye daladala, konda anamwambia "we mama subiri ijayo", leo aelimishwe umuhimu wa kliniki. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula hela ya mboga ya siku mbili, na akifika huko Musa ananyooshwa kama dakika ishirini, alafu anapewa karatasi ya mazoezi ya kufanya nyumbani. Kwenye karatasi yake yalikuwa mazoezi saba, kila moja mara tatu kwa siku. Tukapiga hesabu tukiwa tumekaa naye uani, ukiyafanya yote kama yalivyoandikwa ni zaidi ya saa mbili na nusu kila siku, na hapo mtoto asiwe analia, na Musa akinyooshwa miguu analia.

Siku ya Mama Asha

Badala ya kumuelimisha tulimuomba atuelezee siku yake toka anaamka. Mwenzangu alichukua nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita akachora mistari ya saa, mama anasema, sisi tunaandika. Hii ni kazi ya nusu saa tu na sijui kwa nini hatuifanyi kwa kila familia.

Anaamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa maandazi, ndo biashara yake, Asha anapitisha nyumba kwa nyumba kabla ya shule. Saa moja Musa anakula. Kula kwa Musa ilikuwa ni kulazwa chali mapajani, kichwa kimening'inia nyuma ya mkono wa mama, uji mwepesi unamiminwa kidogo kidogo, anakohoa, anapaliwa, wanasubiri, wanaendelea. Saa nzima, wakati mwingine na robo, mara tatu kwa siku. Kwa watoto kama hawa mlo ukizidi nusu saa ni dalili kwamba kuna kitu hakiendi, na ukiona kikohozi kila kijiko jua chakula kinachungulia njia ya hewa. Kumbuka pia vifua alivyougua huyu mtoto, kadi yake imejaa nimonia.

Baada ya hapo nguo. Pampasi hawazimudu, kwa hiyo ni vitambaa, na maji ya kununua kwa ndoo. Alafu kupika, alafu kula tena saa nzima, alafu kumbembeleza maana akiwekwa chini peke yake analia, kwa hiyo mama anapika mtoto yuko mgongoni. Mgongo wenyewe ulishaanza kumuuma toka mwaka juzi. Asha akitoka shule anakaa na mdogo wake ili mama akachote maji, na ikifika siku za kliniki au mama akiumwa, Asha haendi shule kabisa. Hilo halikuwa kwenye faili lolote.

Usiku ndo tatizo kubwa. Musa alikuwa anaamka mara nne, mara tano. Tukijumlisha usingizi wa mama kwenye ile kalenda ilikuwa kama saa nne, tena za vipande vipande. Mama alipoiona ile karatasi imejaa akasema, "Kumbe ndo maana." Hakusema lingine.

Swali la tisa

Tulitumia PHQ-9, dodoso la maswali 9 ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), linatumika kwa Kiswahili miaka mingi sasa, alama zinaanzia 0 mpaka 27, ukifika 10 na kuendelea inabidi mtu aangaliwe kwa makini. Mama Asha alipata 17.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Nimeona wenzangu wengi wakilipita haraka au kulisoma kwa sauti ya chini kama wanaomba samahani. Lisome kama mengine. Mama alinyamaza, akamfuta Musa udenda, akasema, "Mimi kujiua hapana. Ila kuna siku namuomba Mungu amchukue tu huyu, na mimi nipumzike. Alafu najiuliza mimi mama gani."

Maneno haya yanawatisha wafanyakazi, kuna anayekimbilia kusema usiseme hivyo mama, ni zawadi ya Mungu. Ukisema hivyo mazungumzo yameisha, hatakuambia tena. Tulichofanya ni kumuuliza moja kwa moja na kwa upole: umewahi kufikiria kumdhuru mtoto wewe mwenyewe? Umewahi kukaribia? Kuna kitu umepanga? Hapakuwa na mpango, palikuwa na uchovu na aibu. Tukamwambia wazazi wengine wa watoto kama Musa wameshatuambia maneno hayohayo, na wanawapenda watoto wao. Tukakubaliana vitu vitatu vya kawaida tu: dawa za kifafa za Musa azitunze bibi kwenye sanduku lake, siku ikimzidi amuite jirani mmoja ambaye alimchagua yeye mwenyewe, na wiki hiyohiyo twende naye hospitali ya wilaya kwa mtu wa afya ya akili. Twende naye, tusimpe barua aende peke yake, maana hiyo barua ingeishia kufungia maandazi.

Tulichoamua na kwa nini

Kwenye kikao chetu palikuwa na mvutano. Mmoja alitaka tuanze na ushauri nasaha kila wiki, mwingine alitaka mama aingizwe kikundi cha wazazi. Hoja iliyoshinda ni ile ya kalenda: mtu anayelala saa nne huwezi kumuongezea kikao, unamuongezea mzigo. Kwa hiyo tukapanga usingizi kwanza, kula pili, mazoezi yawe ya mwisho.

*Usingizi.* Kumbe degedege za usiku zilirudi kwa sababu mama alikuwa anakata dozi. Musa anatumia fenobabitoni, zahanati ikiishiwa inabidi kununua dukani, na alipovuka miaka mitano ule msamaha wa matibabu bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 ukawa umeisha, kwa hiyo mama akawa anampa nusu ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Dawa za kifafa ukizipunguza kiholela au kuziacha ghafla degedege zinaweza kurudi kwa kasi ya kutisha, na hakuna aliyemwambia. Tulishughulikia barua ya msamaha kupitia ofisi ya ustawi ya hospitali, ikachukua muda na safari za kutosha, ikatoka. Akaanza kupewa dawa za miezi miwili kwa mkupuo. Alafu tukambadilisha ulalaji, badala ya chali akawa analala ubavu na mto katikati ya magoti, kwenye chali alikuwa anakakamaa kama upinde. Ndani ya wiki chache kuamka kukashuka hadi mara moja au mbili.

*Kula.* Hapa ndo tulikaa sana. Mtu wa mazoezi alikuja nyumbani, hakuita watu kliniki. Akamkalisha Musa mapajani kwa mama, mgongo umenyooka, nyonga zimekunjwa, kidevu kimeshuka kidogo kuelekea kifuani, wanatazamana, mama yuko mbele yake badala ya nyuma. Uji ukafanywa mzito, mpaka ukigeuza kijiko haudondoki haraka. Kijiko bapa, kinaingia usawa wa mdomo na sio kutokea juu, kinakandamiza ulimi kidogo, unasubiri mdomo ufunge mwenyewe, usikwangue chakula kwenye meno ya juu. Mara ya kwanza Musa alitema vyote. Mara ya pili akameza vijiko vinne bila kukohoa, na bibi aliyekuwa anatuangalia kwa jicho la pembeni toka asubuhi akasogeza kigoda.

Kwenye ule uji mzito tukaongeza karanga za kusaga na kijiko cha mafuta, maana mtoto anayekula kidogo lazima kila kijiko kiwe na nguvu.

Kiti kilitengenezwa kwa maboksi. Sio utani, unachukua makadibodi, unayabandika tabaka kwa tabaka kwa gundi ya uji wa ngano, unakata kwa vipimo vya mtoto mwenyewe, unakausha, unapaka vanishi. Kinabeba mtoto vizuri tu. Ila tulianza kukitengeneza masika imeshaingia, kikawa hakikauki, kikaota ukungu upande mmoja ikabidi kirudiwe. Cha pili kilikuwa na mikanda ya kiuno na meza ndogo mbele. Siku kilipofika Musa alikaa uani akamuangalia mama anapika, na mama akapika mgongo ukiwa mtupu.

*Mazoezi.* Karatasi ya mazoezi saba tuliikunja tukaiweka pembeni, kwa makubaliano na kliniki, na hilo halikupita kirahisi. Yakabaki mawili yanayofanyika ndani ya kazi ambazo lazima zifanyike: kutanua mapaja taratibu kila anapobadilishwa nguo, na kukunjua viganja wakati wa kuoga kwenye maji ya uvuguvugu. Kukaa kwenye kiti nako tukakuhesabu kuwa ni tiba, maana ni tiba kweli.

Baba

Faili lilikuwa na kurasa karibu thelathini na baba hakutajwa popote isipokuwa kwenye mstari wa "mzazi/mlezi". Mama alisema tu, "Baba Asha siku hizi hakai nyumbani." Jirani akasema anakunywa. Bibi akasema kazi nyingi.

Tulimtafuta kwa simu, akaja Jumapili, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Mwenzangu wa kiume ndo aliongea naye, wawili tu, nje. Kumbe aliwahi kwenda kliniki mwaka wa kwanza, alipofika nesi akamuuliza "mama yuko wapi?", akaambiwa akae benchi la nje, hakurudi tena. Ndugu zake walimwambia kwetu hakuna mtoto wa hivi, chunguza vizuri kwa mkeo. Alikopa hela ya mganga, kukawa na kombe, kukawa na mbuzi, deni alikuwa bado analipa. "Kila nikirudi nakuta dawa imeisha, uji umeisha, mtoto analia, mke kanuna. Saiti angalau ukuta ukipanda unauona."

Kwa baba wengi stresi haitoki kwa machozi. Inatoka kwa kuondoka, kwa pombe, kwa ukali kwa mke, kwa kuchukua kazi za mbali hata kama za karibu zipo, na sisi tunaandika "baba katelekeza familia" tunafunga faili. Wapo wanaotelekeza kweli, siwatetei. Huyu alikuwa hajui ashike wapi.

Tulimpa kazi mbili za wazi. Ya kwanza, hela ya dawa na karanga anaituma kwa M-Pesa kila Ijumaa, hata kama ni ndogo, hata akiwa kagombana na mke. Ya pili, siku akiwa nyumbani mlo wa jioni wa Musa ni wake. Alishika kijiko kama anachota saruji, Musa akamtemea shatini, wote wakacheka, na nafikiri hicho ndo kicheko cha kwanza cha pamoja kuonekana kwenye ile nyumba mbele yetu. Kile kiti cha pili pia alikipiga msasa yeye, akakirekebisha mguu uliokuwa unayumba bila kuambiwa na mtu.

Bibi

Bibi alikuwa na msimamo wake kuhusu asili ya ugonjwa na hatukuubadilisha. Tulijaribu mara ya kwanza kumuelezea habari za ubongo na hewa, akasikiliza kwa adabu zote, akasema "haya wanangu, nyie mmesoma".

Kilichofanya kazi ni kitu anachokijua. Bibi ni mkandaji, mtaa mzima wanamletea wachanga awakande na mafuta ya nazi. Tukamuomba amkande Musa jioni, na mtu wa mazoezi akakaa naye kumuonyesha namna ya kuushika mguu unaokaza: usiuvute kwa nguvu, shika juu ya goti, subiri mpaka misuli iachie yenyewe, alafu ndo unyooshe. Alishika haraka kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo niliyemuona. Toka hapo kunyoosha kwa jioni kukawa kwa bibi, na maneno ya mkosi yakapungua, sio kuisha.

Vilivyokwama

Dawa ya kwanza ya sonona aliyopewa mama ilikwama. Alianzishwa amitriptilini, inaleta usingizi mzito, na mama wa mtoto mwenye kifafa akapata hofu hatasikia degedege usiku, akaiacha kimyakimya. Tuligundua baadaye sana. Daktari akambadilishia fluoksetini ya asubuhi, hiyo akaiendeleza. Swali la kuuliza kabla ya kuandika dawa yoyote ya usingizi kwa mlezi lilikuwa rahisi tu: usiku anayemsikia mtoto ni nani?

Kikundi cha wazazi nacho kilikwama mwanzoni. Kilikuwa kinakutana ukumbi wa shule, mbali, Alhamisi asubuhi, wazazi wanakaa duara wanatoa ushuhuda. Alikwenda, akarudi kachoka zaidi, akasema "nimewasikiliza wenzangu wanalia, nikalia na mimi, alafu nikatembea kurudi". Kikundi kilipogeuzwa kuwa kikoba, wanakutana kwa zamu nyumbani kwa wanachama wa mtaa wa karibu, wanaweka hisa, na wawili wanashika watoto wote wakati wengine wanapumzika, hapo akaanza kwenda mwenyewe bila kukumbushwa.

Kiti cha magurudumu kilikuja cha msaada, cha mtu mzima. Musa ndani yake anazama, kichwa kinaanguka pembeni. Kiti kisichopimwa kwa mtoto mwenye kukakamaa kinaweza kumuharibu mgongo, kwa hiyo hakitumiki, kimewekwa uani na siku za jua kinaanikiwa nguo.

Mkopo wa halmashauri tuliuhangaikia pia. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Makaratasi yalikuwa yako njiani mikopo ikasimamishwa nchi nzima Aprili 2023, iliporudi mwaka uliofuata utaratibu ukawa umebadilika na ikabidi waanze upya. Kuhusu kamati ya watu wenye ulemavu ngazi ya mtaa, ambayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inaitaja, mwenyekiti wa mtaa alituuliza sisi wajumbe wake ni akina nani.

Walipofikia

Baada ya miezi minane alama za mama zilishuka kutoka 17 hadi 8. Swali la tisa akajibu hapana. Musa alikuwa kilo 10 na nusu tulipoanza, akafika 12 na kidogo, na kipindi chote hicho alilazwa kwa kifua mara moja tu. Mlo umeshuka hadi kama dakika 25. Asha anahudhuria shule siku zote za kliniki, kwa sababu kliniki sasa ni mara moja kwa mwezi na bibi ndo anasindikiza. Baba bado anakunywa, kidogo kuliko zamani kwa maneno ya mke wake, na hela ya Ijumaa imekosa mara chache. Musa hatembei, hatatembea, na wote pale nyumbani wanalijua hilo kwa maneno yaliyosemwa wazi wakiwa wamekaa.

Uchambuzi

Jambo ninalolisimamia kwenye kisa hiki ni moja, stresi ya huyu mama ilikuwa na saa zake na unaweza kuzihesabu. Tukiongea kuhusu wazazi wa watoto wenye ulemavu tunakimbilia moyo: kukubali hali, kumtegemea Mungu, kuondoa unyanyapaa. Yote yapo na yana kazi yake. Ila alama hazikuanza kushuka pale tulipoongea na moyo wake, zilianza kushuka alipolala. Ushauri nasaha ulikuja mwezi wa tatu na ulifanya kazi vizuri kwa sababu alikuwa na nguvu ya kukaa akausikiliza. Dawa nayo ilisaidia, na siwezi kuitenganisha na usingizi nikasema hiki kimefanya asilimia ngapi na kile ngapi.

La kula lina uzito ambao watu hawauoni. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki ya Uganda, ukachapishwa 2017, ulikuta watoto karibu 3 wenye mtindio wa ubongo kwa kila 1,000, na wale wenye hali mbaya zaidi walikuwa wachache kwenye umri mkubwa kuliko kwenye umri mdogo. Maana yake wengi hawafiki huko. Utapiamlo, vifua na degedege vinawaondoa wakiwa wadogo. Kwa hiyo kuweka kula mbele ya kunyoosha miguu haikuwa kumhurumia mama tu, na hiyo ndo hoja tuliyoitumia kliniki walipolalamika kwamba tumefuta mazoezi yao.

Kuna gharama hapo pia, nisifiche. Mazoezi mawili ni machache kwa mtoto wa ngazi ya 5, nyonga ya kulia imeanza kukaza na kliniki wakatuambia, "tuliwaambia". Tumebishana nao. Mimi bado naona mazoezi mawili yanayofanyika ni bora kuliko saba ya kwenye karatasi, lakini nyonga ile inahitaji picha na mtu wa mifupa, na tungemtuma mapema zaidi kama tusingekuwa tumejishughulisha na kila kitu kingine.

Kuhusu neno "hana ushirikiano" kwenye faili. Liliandikwa na mtu mwenye wagonjwa arobaini kwa siku, sio mtu mbaya. Lakini likishaandikwa kila anayefungua faili anaanza na mama mkosaji, na mama anaijua hiyo sura akiingia tu mlangoni. Sisi tumekubaliana ofisini kwamba ukiandika mzazi kakosa miadi, unaandika na sababu aliyokupa, kwa maneno yake.

Bibi na baba ndo waliobeba mabadiliko yasianguke. Kama tungemfundisha mama peke yake namna nzuri ya kulisha tungekuwa tumemuongezea ujuzi na kazi ileile. Kila kitu kipya kilichoingia kwenye ile nyumba tulijiuliza nani atakifanya ambaye sio mama, na pale jibu lilipokosekana tulikiacha.

Kilichobaki sasa ni uzito. Musa anakua, na mgongo wa mama haujapona, umepumzika tu. Tunafundisha kumnyanyua watu wawili, kupiga magoti badala ya kuinama, na baba kaahidi kusawazisha njia ya kwenda choo cha nje ili kiti chenye magurudumu cha saizi yake kikipatikana kipite. Picha ya nyonga imepangiwa hospitali ya mkoa mwezi ujao, nauli inatoka kwenye kikoba.